Nilikuwa Kilifi Siku Mbuzi Alipovuka Mto

Begi lenyewe nililitoa kwenye robota la mitumba. Mimi huuza nguo soko la Tala, na kazi hii imenifundisha kutoshangazwa na vitu ambavyo watu wa mbali huvitupa: makoti yasiyovaliwa hata mara moja, gauni za harusi, viatu vya mtoto vya mguu mmoja. Siku hiyo, katikati ya majaketi, likatoka begi kubwa la mgongoni, la kijani, lenye mikanda ya kifua na ya kiuno, kama yale ya watu wanaozunguka dunia peke yao. Mteja mmoja alilitaka palepale. Nikamwambia si la kuuza. Sijui kwa nini nilisema hivyo, maana wakati huo sikuwa na safari yoyote.

Safari ilikuja baadaye, na aliyeileta ni mbuzi.

Kwetu Ukambani ndoa huingia kwa mbuzi na hutoka kwa mbuzi. Mwanamume akitaka mke, watu wake huleta mbuzi watatu wa ntheo, na bila hao hakuna ndoa, hata mkiishi pamoja mpaka meno yang'oke. Ndoa ikifa, ndugu za mwanamke huchukua mbuzi mmoja, wakamfunga kamba, wakatembea naye hadi nyumbani kwa mwanamume. Huyo anaitwa mbui ya ulee, yaani mbuzi wa kukataa. Mume akiishika kamba, yameisha. Asipoishika, mbuzi anarudi alikotoka na ndoa bado ipo. Shangazi yangu mmoja mbuzi wake alikataliwa hivyo. Mumewe alisimama langoni akawaambia waliokuja, mchinjeni mle wenyewe, mimi namtaka mke wangu. Wakaishi mpaka wakazikwa ubavu kwa ubavu. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni, na bora nisingeisikia.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alibeba mizigo kutoka Mombasa, na kila safari alilala Mlolongo, pale malori yanapopanga foleni ya mizani. Mwanzoni alilala Mlolongo kwa sababu ya mizani. Baadaye alilala Mlolongo kwa sababu zake. Nilikuja kuambiwa na mtu asiye na sababu ya kudanganya kwamba ana nyumba ya kupanga huko, na mwanamke ndani ya nyumba, na mtoto mgongoni mwa mwanamke. Sisi hatukujaliwa mtoto. Yeye hakuwahi kunilaumu kwa hilo hata siku moja, kazi hiyo alimwachia mama yake. Akaanza kuja nyumbani mara moja kwa mwezi, kisha Krismasi na Pasaka, kisha akawa anatuma salamu.

Baba yangu alivumilia kuliko nilivyotarajia. Mwishowe aliita kaka zangu nyumbani Ndithini, wakaketi, nami nikaitwa kutoka Tala. Wakaniuliza. Nikasema sawa, mpelekeni. Nilisema kwa sauti kavu ya sokoni, ile ninayotumia kumwambia mteja bei haishuki. Wakaridhika kwamba nimekata shauri.

Sikuwa nimekata shauri lolote. Baba aliponiambia nichague mbuzi mwenyewe zizini, niliingia nikachagua kwa hila. Miongoni mwa wale watatu wa ntheo alikuwapo jike mmoja mwenye sikio la kushoto lililopinda. Siku ile alipomleta, mume wangu aliwachekesha wazee wote: akasema sikio hilo limepinda kwa kuzoea kusikiliza mlangoni. Mbuzi yule alishakufa, lakini aliacha binti, mweusi tii, mwenye sikio lilelile limepinda vilevile. Nikamshika huyo. Nilijiambia mume wangu akimwona, atakumbuka siku ile, mkono utamwishia nguvu, kamba hataishika. Nilikuwa na hakika kabisa. Mtu mzima na akili zangu, nikayaweka matumaini yangu yote kwenye sikio la mbuzi.

Wakasema watampeleka Jumamosi. Mwanamke haendi na mbuzi wake. Anabaki nyumbani, anapika, anangoja, na mama na shangazi zake wanamtazama usoni. Hilo ndilo nililolikataa. Jumanne nilirudi Tala, nikafunga kibanda, nikajaza begi la kijani khanga mbili, magauni na ndala, nikamwambia mama kwenye simu kwamba naenda pwani.

"Kufanya nini?" akauliza.

"Kuona bahari, mwaitu."

Alijua ni nani aliyeniahidi bahari. Kila mwaka mume wangu alisema, likizo hii nakupandisha lori, ukaone maji yasiyo na ng'ambo. Aliniletea nazi, achari za maembe, mara moja akaniletea kombe kubwa niweke sikioni nisikie mawimbi. Nilisikia, nikasema naam, nimesikia. Bahari yenyewe sikuwahi kuiona. Nikasema sasa nitaiona, tena kwa miguu yangu.

Mombasa sikukaa. Mombasa ilikuwa yake. Niliunganisha gari nikaenda Kilifi, kwa sababu moja tu, kwamba hakuwahi kuitaja.

Nilishuka na begi langu karibu na soko, nikasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Joto la kule lina mikono, linakushika. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi vya karai kwenye baraza la nyumba yake alinitazama kwa muda, kisha akaita.

"Mwanangu, hilo begi walibeba ama lakubeba?"

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu. Nikamwuliza, "Mama, uko na chumba?"

"Niko na chumba, niko na viazi, niko na mguu waniuma," akasema, akiniigiza. "Watu wa bara nyinyi! Ingia, weka mzigo, unywe maji kwanza."

Alikuwa mjane, mtu mzima, mwenye kucheka kwa mabega. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na vyumba vitatu alivyokodisha kwa wapita njia, na kisima katikati ya uwanja. Nililipa, nikaoga, nikalala mchana kutwa. Nilipoamka jioni nilikuta ameniwekea sahani ya mbaazi za nazi imefunikwa kawa. Nilikula nikilia. Zilikuwa tamu, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ni tamu.

Asubuhi nilikuta mtu mwingine barazani, msichana wa rasta nyekundu na kaptula, anakula mahamri huku miguu ameiweka juu ya begi la mgongoni kama langu. Langu lilikuwa zuri zaidi.

"Niaje, mathe! Na wewe uko solo?"

"Niko peke yangu, ndio."

"Hiyo ni poa sana. Umetoka wapi?"

"Tala."

"Wacha! Tala ya Kangundo? Manze sisi ni majirani! Mimi ni wa Mlolo."

Aliita Mlolongo Mlolo kwa mapenzi, kama mtu anayetaja mtoto wa nyumbani. Msichana wa watu hakunikosea lolote, lakini nilimchukia palepale, kwa sababu ya mtaa wake. Nilikunywa chai yangu nimegeuza uso. Aliniambia kwao vumbi la machimbo ya kokoto huingia hadi kwenye sukari, kwamba usiku malori hayaishi, kwamba hana stori yoyote ya maana, alichoka tu akaomba likizo kazini akaja. Alichoka tu! Nilimwonea wivu mtu anayeweza kuchoka bila kuwa na sababu.

Yeye hakujua kama anachukiwa. Nikiondoka, anaondoka. Nikisema naenda kuona daraja, yeye naye alikuwa anataka sana kuona daraja. Tulisimama pale juu, maji ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, chini yetu mbali kule, kijani ambacho sijawahi kukiona kwenye nguo yoyote, na nguo nimeziona. Tulizunguka sokoni. Alinunua mabuyu ya rangi akapaka meno wekundu. Mimi nilikagua mitumba ya pale, nikaona wanapata nguo nyepesi kuliko sisi, na wanakunja vibaya. Muuzaji mmoja aliponiona nakunja upya shati lake akaniuliza kama nataka kazi. Kufikia mchana nilikuwa nimesahau kumchukia yule msichana. Nilikumbuka jioni, nikajaribu tena, ikakataa.

Mama mwenye nyumba alitupeleka baharini siku iliyofuata, baada ya kumaliza viazi. Alisema hatuwezi kuja Kilifi tukaona maji ya hori tu. Tulipita kwenye mivinje, na mara ardhi ikaisha.

Sitaeleza bahari. Waliozaliwa kando yake hawaihitaji hadithi yangu, na wengine waende wakaione. Nitasema tu kwamba nilikasirika. Miaka yote ile mume wangu alikuwa akiiona hii, mara mbili, mara tatu kwa mwezi, kisha anakuja nyumbani kuniletea kombe.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mchanga ulikuwa mpana, mweupe, umelowa, na wenzangu wakaketi kwenye khanga. Mimi nikapiga magoti nikaanza kuchimba. Sikuwaza. Kwetu mto hauna maji isipokuwa mvua ikinyesha. Mwaka mzima mto ni mchanga, na maji yako chini, unayafuata kwa mikono. Unatoa mchanga wa juu, unatengeneza ukingo usibomoke, unatupa yale maji machafu ya kwanza, unangoja yatulie. Nimefanya hivyo tangu nina meno ya utoto. Kwa hiyo nikachimba, nikapanga ukingo, maji yakaja haraka kuliko yanavyokuja nyumbani, nikayatupa ya kwanza, nikangoja, nikakinga viganja nikanywa.

Nilitema hadi machozi yakanitoka. Chumvi tupu!

Mama mwenye nyumba alianguka chali kwa kicheko. "Ewe mwanangu! Wachimba kisima baharini? Hayo maji yote mbele yako huyaoni?"

Msichana wa Mlolongo alikuwa ameshika tumbo. "Mathe, zii! Umenimaliza!"

Nami nikacheka nao. Na katikati ya kucheka, kitu kikafunguka kifuani, nikaanza kulia, kulia kwa sauti, magotini, mbele ya kisima changu cha chumvi. Mama akaja akaketi mchangani karibu nami, akanishika mgongo, hakuniuliza neno.

Nikawaambia mwenyewe. Nikawaambia kwamba nilimpata mume wangu kwenye shimo kama hilo. Ilikuwa kiangazi kikali, mimi nimechimba tangu alfajiri, yeye akaja na punda wa watu na mitungi mitupu. Kwetu aliyechimba ndiye anayeteka kwanza. Wengine wanasalimu na kungoja. Yeye akasalimu, akangoja, hakusema hata neno la kuniharakisha, lakini punda wake alikuwa ananusa mchanga. Nikamwambia, teka wewe kwanza. Dada zangu walinicheka mwezi mzima. Walisema msichana anayempa mwanamume maji yake ya kwanza ameshajiposa mwenyewe, mbuzi watakuja tu kukamilisha. Wakaja kweli. Nikawaeleza hao mbuzi, na yule mwenye sikio lililopinda, na binti yake aliyefungwa kamba Ndithini akingoja Jumamosi, ambayo ilikuwa kesho yake.

"Kwa hiyo ataka kukuacha kwa mbuzi," mama akasema polepole.

"Sisi ndio tunampelekea, mama. Yeye aishike kamba au aikatae."

"Sisi kwetu talaka ni neno," akasema. "Mume wangu wa kwanza aliniacha kwa neno moja, mlangoni, mimi nimeshika ungo wa mchele. Likatoka likapaa. Siku nyingi nikajiambia labda sikusikia vyema. Yenu yatembea kwa miguu minne, kila mtu aiona ikipita." Akawaza. "Sijui ipi afadhali."

Msichana aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Na unataka aishike ama aikatae?"

Hakuna mtu aliyeniuliza hivyo nyumbani. Waliuliza kama wampeleke mbuzi, hawakuuliza ninataka nini. Nikasema, "Nataka aikatae. Nataka asimame langoni aseme ananitaka mimi." Nilipolisikia kwa masikio yangu niliona haya, nikaongeza haraka kwamba najua ni upumbavu.

"Si upumbavu," mama akasema. "Moyo haufundishwi. Lakini mwanangu, mtu akutakaye hangoji aletewe mbuzi ndio akumbuke."

Nilijua. Kujua hakukunisaidia.

Jumamosi walinikalia kama watu wanaokalia mgonjwa. Mama hakukaanga viazi, akasema mafuta yamekwisha, nami nilikuwa nimeliona debe limejaa. Msichana alisukwa upya rasta tatu ambazo hazikuwa zimefumuka, ili tu mimi niwe na la kufanya na mikono. Simu nilikuwa nimeiweka juu ya ukingo wa kisima, mahali ambapo mtandao hushika. Nyumbani wangetoka baridi ya asubuhi, kaka zangu wawili na mjomba, wakamvusha mbuzi mto kwenye mchanga, kisha wakapanda ule mlima mdogo. Nilimwona yule mbuzi akikaza miguu kwenye mchanga. Hapendi mchanga. Nilimwona mume wangu akitoka nyumbani mwa baba yake, kwa maana walikuwa wamempigia simu na akasema atakuwepo. Hilo lilikuwa limenipa moyo, kwamba atakuwepo. Nani huendesha kutoka Mlolongo hadi Ndithini kuja kushika kamba tu? Angeweza kumwachia baba yake. Nilijiambia anakuja kukataa.

Msichana aliuliza kama nataka twende ufukweni. Tukaenda. Maji yalikuwa yamejaa, ufuko umekuwa mwembamba, na pale nilipochimba palikuwa baharini kabisa.

Kaka yangu mkubwa alipiga simu tukiwa chini ya mivinje.

"Imeisha," akasema.

"Nani ameishika?"

"Yeye."

"Si baba yake?"

"Mzee hata alikuwa hajaamka kwa kiti. Ni yeye alikuja akachukua kamba kwa mkono yangu."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mazishini. Nikamwuliza kama mume wangu alimtazama mbuzi vizuri. Kaka akaanza kunieleza walivyovuka mto. Nikamwambia aseme.

"Alimjua. Alimshika hiyo sikio akasema, huyu bado anasikiliza mlangoni. Akacheka kidogo. Halafu akachukua kamba."

Nilikuwa nimesimama. Nadhani niliketi, kwa sababu baadaye nilikuta sindano za mivinje zimenichoma mapajani.

"Aliuliza juu yangu?"

Kaka yangu hana uwezo wa kusema uongo. Tangu utotoni hana. "Aliuliza kama mbuzi amekunywa maji. Tukasema bado. Akampeleka akampa maji. Ni hiyo tu. Tulirudi."

Nilikata simu. Nimejaribu mara nyingi kuandika niliyoyahisi dakika ile, na kila nikiandika yanakuwa maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atakuwa amesahau. Ningeweza kumsamehe mtu aliyesahau. Hakuwa amesahau chochote, hata mzaha wake wa siku ile alikuwa nao mdomoni, na aliishika kamba hivyohivyo, tena kwa upole, akamnywesha mbuzi. Upole wake ulikuwepo wote. Haukuwa wangu tena.

Nililia mpaka koo likakauka. Mama mwenye nyumba alinifunika kichwa kwa mtandio wake, akasema, "Lia, mwanangu, hapa hakuna shangazi." Yule msichana naye alilia, ijapokuwa hamjui mume wangu wala mbuzi. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa analia kwa sababu anaishi karibu na mizani, na pengine amewahi kupishana naye dukani akanunua mkate, na hakujua ni yeye, hakumtukana. Nilimwambia asingejua amtukane kwa lipi. Ni mtu mpole.

Nilikaa kwa mama mpaka wiki iliyofuata ikaisha nusu. Alinipa kazi, kwa sababu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa kumenya viazi. Sikuchangamka. Nisiseme bahari iliniponya, haikuniponya, na kuna asubuhi niliamka nimesahau, nikakumbuka, na ikawa mbaya kuliko siku yenyewe. Lakini kulikuwa na mtu wa kumwambia mbaazi ni tamu. Mama alinifundisha kuzipika, akanikemea kwa kuchemsha tui la kwanza kama maji ya ugali. Siku ya kuondoka aliniwekea nazi tatu kwenye begi. Nilimwambia nazi nimeletewa miaka yote. Akasema, "Hizi ni zangu, nakupa mimi." Nikazibeba.

Tulirudi basi moja na msichana. Aliposhuka Mlolongo alinikumbatia dirishani, begi mgongoni, rasta zake zimejaa chumvi. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu kusubiri mizani. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitatazama. Niliyatazama yote, moja baada ya jingine, mpaka basi lilipoyapita.

Msichana alikuja kunitembelea kiangazi kilichofuata. Alikuja Tala, tukaenda naye Ndithini, akamsalimu mama yangu kwa Kikamba alichojifunza njiani, vibaya sana, mama akampenda. Akasema hawezi kuondoka bila kuona maji yanavyotoka kwenye mchanga, kwa sababu alichokiona Kilifi kilikuwa kichekesho. Tukashuka mtoni asubuhi na mitungi miwili. Ng'ambo, juu ya kilima, paa la baba mkwe wangu wa zamani lilikuwa linang'aa. Kulikuwa na mbuzi wakishuka kuelekea mtoni, mbali, weusi na weupe, na sikuweza kuona masikio.

Nilipiga magoti nikachimba. Nilitoa mchanga wa juu, nikapanga ukingo, nikatupa ya kwanza. Tukangoja. Maji yakaja polepole kama yanavyokuja siku zote, yakatulia, yakawa safi mpaka unaona chembe za mchanga chini. Nikashika kata, na mkono wangu ukasimama, kwa maana tangu siku ile ya punda sikuwa nimempa mtu yeyote maji yangu ya kwanza, hata dada zangu. Machozi yakanijia upya, yale yale.

Nikampa kata. "Teka wewe kwanza," nikamwambia.

Akateka, akanywa, akafunga macho. "Haina chumvi," akasema.

Nikangoja maji yajae tena, kisha nikateka yangu.